Risasi Fupi ya Mama

Wiki iliyopita niliingia kwenye lifti ya jengo ninamokaa nikakutana na harufu ya ndizi zilizoiva hadi maganda yakaanza kuwa meusi. Ndizi zenyewe hazikuwamo. Alikuwamo kijana mmoja wa ghorofa za juu, amevaa buti zenye matope makavu, na kucha zake zina weusi wa grisi. Nilivuta pumzi tena, nikamwuliza kama ametoka kuwinda. Akashtuka. "Umejuaje?" Nikamwambia nimejua kwa pua.

Ipo dawa ya kusafishia mtutu wa bunduki inayonuka ndizi mbivu. Watu wengine wakinusa ndizi hukumbuka bibi zao na migomba ya nyumbani. Mimi, naomba msinicheke, humkumbuka mama yangu amekaa kwenye zulia la sebule yetu kule Crescent Town, ughaibuni, amejifunga kitenge kifuani, anapitisha kitambaa ndani ya mtutu huku akiimba nyimbo za kwaya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Huo ndio mwaka ambao Mama aliamua kuwa mwindaji, na nyumba yetu yote ikageuka kuwa baraza la kujadili risasi.

Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa mfupi, wa mviringo, na alipotembea kwenye theluji alichapua hatua kama mtu anayewahi sokoni. Alizaliwa Itigi, mkoani Singida, mahali ambapo pori lilianzia nyuma ya choo. Baba yake alikuwa na gobore na kibali chake, na wana wake wa kiume wote walifundishwa kulitumia. Mama, mtoto wa kike pekee, alipewa kazi ya kuosha mikoba iliyoloa damu. "Mwanamke akigusa gobore, baruti inalala," kaka zake walimwambia. Mama alipotusimulia habari hiyo alicheka, lakini niliona kwamba sufuria aliyokuwa akiisugua wakati huo ilitoka ikiwa imeng'aa kuliko nyingine.

Baba yeye alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, na kwake nyama yoyote isiyotoka majini ilikuwa ya kuvumilia tu. "Mimi ni mtu wa samaki," alisema, kana kwamba ni kabila.

Na mimi? Mimi nilikuwa kama watoto wengi wa ghorofa zile. Nilielewa Kiswahili chote, hata matusi, lakini kinywa changu kilikuwa cha Kiingereza. Mama alinisemesha kwa Kiswahili, mimi nikajibu kwa Kiingereza, na tukaelewana hivyo miaka yote bila kugombana.

Mambo yalianza na Babu Kayetano. Hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa Mgoa aliyezaliwa Arusha, karani mstaafu wa benki, mjane, aliyekaa ghorofa mbili chini yetu na kusali parokia moja na sisi. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kimepigwa pasi, na alikizungumza kwa furaha ya mtu anayevaa suti yake ya harusi akaona bado inamtosha. Kila Novemba alikwenda kaskazini na rafiki yake kuwinda kulungu. Mwaka mmoja alituletea paja, limefungwa kwenye gazeti.

Mama alilipika taratibu, kwa vitunguu vingi na ndimu, mpaka madirisha yakatoka jasho. Kisha akaonja. Alifumba macho, na kijiko kikabaki kinywani.

"Baba Neema," alisema hatimaye, "hii ni nyama ya nyumbani."

"Imetoka kwa Mzee Kayetano," Baba alijibu, bado anachambua mifupa ya dagaa.

"Najua imetoka wapi. Mwakani nitamtafuta wangu mwenyewe."

Tulidhani ni maneno ya mtu aliyeshiba. Lakini majira ya baridi hayakwisha kabla Mama hajajiandikisha kwenye masomo ya usalama wa silaha, na mimi nikawa mwalimu wake msaidizi. Kila asubuhi, tukinywa uji, nilimsomea maswali kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kiswahili. Bunduki hubebwaje kwenye gari? Unavukaje uzio ukiwa na bunduki? Alifaulu mtihani wa kuandika, akafaulu na ule wa vitendo, na siku leseni ilipofika Baba aliinunulia keki. Nasema aliinunulia leseni, kwa sababu aliiweka katikati ya meza kama mtoto wa kipaimara, akaitazama, akasema, "Sasa mwanamke huyu hakosewi adabu."

Ndipo likaja suala la risasi.

Babu Kayetano hakuona kama lilikuwa suala. Kwake risasi ilikuwa moja tu duniani, ile aliyoiita thelathini sufuri sita. Alituletea ganda tupu la risasi hiyo ili Mama alizoee: lilikuwa refu, jembamba, la shaba, na nilipopuliza mdomoni mwake lilitoa filimbi. "Sikiliza, Mama Neema," alisema. "Mnyama ni mkubwa. Ukimpiga kwa hii, hata ukikosea kidogo, imekusamehe."

Siku ya Jumamosi alitupeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, tukavaa vizibo vya masikio na miwani mikubwa. Mama alilala kifudifudi kwenye mkeka na bunduki ya Babu. Mlio wake niliusikia tumboni, siyo masikioni. Bunduki ilimpiga teke Mama hadi miwani ikamhamia kwenye paji la uso. Karatasi ya shabaha ilibaki nzima kama ilivyotoka kiwandani. Akajaribu tena, na tena, na karatasi ikaendelea kuwa nzima.

Jioni ile bega lake lilikuwa na rangi ya zambarau. Baba alimkanda kwa maji ya moto, akasema kwa sauti ya upole, "Basi, umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu."

Mama alivuta kikombe. Alinywa chai yake yote ndipo aliposema, "Nilikuwa nafumba macho. Kila nikitaka kufyatua, nafumba. Mtu anayefumba macho ataua mti. Au atampiga mnyama mguu, aende kufia mbali kwa maumivu, kwa sababu yangu."

Wiki ile hakuimba. Alikwenda kazini, akarudi, akapika, akalala. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watoto wote wa darasa letu kwamba mama yangu atarudi na pembe za kulungu, na nilianza kutafuta namna ya kuwaambia kwamba mambo yamebadilika. Babu alipita kila jioni na ushauri mpya: avae sweta mbili, aweke taulo begani, azoee. Mama alimpa chai na kumshukuru. Lakini nilimwona anavyolitazama lile ganda refu pale kwenye kabati la vyombo, kama mtu anayetazama kiatu kizuri kisichomtosha.

Kisha, bila kumwambia Babu, alinichukua tukapanda treni na basi mpaka kwenye duka la silaha. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye msuko mrefu wa nywele nyekundu. Nilikuwa mkalimani. Mama aliniambia nimweleze habari ya bega na habari ya macho, nisiache hata moja. Yule dada hakucheka. Aliuliza swali moja, nami nikalitafsiri.

"Mama, anauliza utapiga ukiwa umbali gani."

"Mwambie karibu," Mama alisema. "Mwambie nataka nione kope zake."

Nililitafsiri hilo pia, maana mkalimani hana haki ya kuchagua. Yule dada alitabasamu, akafungua droo, akapanga juu ya kaunta risasi za maonyesho zisizo na baruti, kwa kimo, kama familia inayosubiri kupigwa picha. Upande mmoja zilikuwapo ndefu, jamaa za risasi ya Babu. Upande wa pili zilikuwa fupi fupi na nono, na ile nono kuliko zote ilifanana na Mama kiasi kwamba nilishindwa kujizuia, nikacheka. Mama aliitazama, akanitazama, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya bega.

Yule dada alieleza kwamba hizo fupi zilitengenezwa kwa ajili ya bastola. Upande wa pili wa mpaka, kusini kwetu, wako watu wanaowinda kulungu kwa bastola hasa. Hapa sheria hairuhusu kuwinda na bastola, lakini zipo bunduki fupi, nyepesi, zinazotumia risasi zilezile. Katika mtutu huo, mrefu kuliko wa bastola, risasi hupata nguvu, na bunduki haipigi teke kama ile ya Babu. Alitenga mbili. Ndogo iliitwa tatu hamsini na saba. Ile nono iliitwa arobaini na nne. Kubwa kati ya hizi ina nguvu zaidi na teke zaidi, ndogo ina upole zaidi na umbali mfupi zaidi. "Zote mbili zinadai usogee," alisema. "Hizi si risasi za kupigia bonde zima."

Tulirudi nyumbani na vipeperushi, na Babu akavikuta mezani.

"Risasi ya bastola!" Alikaa chini. "Mama Neema, ya bastola? Hiyo ni ya kumtishia mwizi wa kuku!"

"Mzee, na mimi nimetoka nyumba yenye kuku," Mama alimjibu huku akimwongezea sukari. "Niache nijaribu."

Babu alikuwa mbishi lakini hakuwa mchoyo. Rafiki yake wa kuwinda, Gordon, mzee mrefu asiyependa maneno, alikuwa na bunduki fupi za aina zote mbili, na Jumamosi iliyofuata alizileta uwanjani. Kabla ya kuanza Mama aliniita pembeni.

"Neema, leo usitazame shabaha. Watu wote watatazama shabaha. Wewe nitazame macho. Nikifumba, niambie."

Nilisimama mahali Gordon aliponionyesha, nyuma kidogo na kando, nikamkodolea mama yangu macho kama sijawahi kumwona. Kwanza ile ndogo. Ilitoa mlio mkavu, kama mtu anayepasua kuni, na Mama alivuta mkono wa chuma ulio chini ya bunduki, wa kupandisha risasi nyingine, ganda likaruka, akapiga tena, na tena. Matundu yote yaliingia ndani ya duara lenye ukubwa wa sahani. Babu alikwenda kuyatazama kwa karibu, akarudi anakuna kichwa. Nilidhani kazi imekwisha, tukale.

Lakini Mama alimwuliza Gordon, kupitia kwangu, swali ambalo sikulitegemea: kulungu akipigwa na hii, ataanguka? Gordon aliokota ganda, akaligeuzageuza. Alisema ataanguka, kama yuko karibu sana na kila kitu kikienda sawa. Je, na ile nono? Gordon alisema ile inaingia ndani zaidi, hasa ukichagua yenye kichwa kizito. Inakupa nafasi kidogo. Kidogo tu.

"Basi nipe hiyo," Mama alisema. "Nisitafute raha ya bega langu kwa taabu ya mwenzangu."

Ile arobaini na nne ilimsukuma. Niliona mabega yote mawili yakirudi nyuma, na kilemba kikacheza. Lakini nilikuwa nimeshika kazi yangu, na kazi yangu ilikuwa macho. Yalikuwa wazi. Yalikuwa wazi kabla, yakawa wazi wakati moto unatoka, yakawa wazi baadaye, makubwa, meusi, yanashangaa yenyewe.

"Wazi!" nikapiga kelele. "Mama, yako wazi!"

Watu wote wa uwanja ule wakageuka. Nami nikatambua kwamba nimepiga kelele kwa Kiswahili, mbele za watu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Mama aliweka bunduki chini kama alivyofundishwa, mtutu ukielekea mbele, ndipo akanikumbatia hadi vizibo vya masikio vikaniumiza. Hivyo ndivyo risasi ilivyochaguliwa katika familia yetu, na Mama akarudi kwa yule dada kununua bunduki yake.

Likabaki suala la umbali. Gordon alimwonyesha Mama mwisho wa uwezo wa risasi yake: hapa piga, kupita hapo usipige. Mama alitembea mpaka pale, akarudi, akatangaza kwamba ni korido yetu mara mbili. Mliokaa kwenye majengo yale mnazijua korido zake, ndefu, zulia la kahawia, milango inayofanana, harufu ya vitunguu vya watu wa mataifa yote. Nilichora kulungu kwenye boksi la kiwandani kwa Baba, tukamsimamisha mwisho wa korido, karibu na mlango wa kutupia taka. Kila jioni Mama alipiga goti upande wa pili na fimbo ya deki begani, akijifunza jinsi mnyama anavyoonekana kwa umbali wa korido moja, kisha tukashuka naye uwanjani kwenye maegesho kumtazama kwa korido mbili, kisha tatu.

Jioni moja jirani yetu, Mama Farzana kutoka Bangladesh, alifungua mlango akiwa na mfuko wa taka. Alimtazama Mama amepiga goti. Alinitazama mimi. Akamtazama yule wa kwenye boksi.

"Ni nini hiki?" aliniuliza.

"Kulungu."

Alimwendea, akamkagua kuanzia masikio. "Miguu mifupi mno," alisema. "Huyu ni mbuzi." Akatupa taka zake, akarudi ndani. Tangu siku hiyo kila alipokutana na Mama kwenye lifti alimwuliza kama mbuzi amekufa, na Mama alimjibu kwamba bado, ni mbuzi mwenye roho ngumu.

Novemba ikafika. Baba alitufungia maandazi ya kutosha kwa jeshi, akambariki Mama, akaibariki bunduki kwa mbali, akabaki nyumbani. Tulisafiri na Babu nusu siku kuelekea kaskazini mpaka kwenye kibanda cha Gordon, kilichozungukwa na misonobari. Nilivaa kizibao cha rangi ya chungwa kilichonifika magotini.

Asubuhi ya kwanza tulikaa watatu kwenye kijumba cha mbao ukingoni mwa bwawa lenye nyasi: Mama, mimi, na Babu, ambaye aliiacha bunduki yake kibandani makusudi ili siku iwe ya Mama. Baridi ile ilikuwa na ladha, kama kulamba kijiko cha chuma. Kunguru mmoja alipita akilalamika. Mwanga ulikuja polepole, kijivu kwanza, kisha rangi ya chai.

Na dume akatoka upande wa pili wa bwawa.

Nimeona kulungu wengi tangu siku ile, sijaona kama yule. Shingo yake ilikuwa nene kama shina, na pembe zilisimama juu ya kichwa kama kiti kilichopinduliwa. Alisimama ubavu kwetu, akanywa maji bila haraka yoyote. Mama aliinua bunduki, akalaza shavu. Mimi nilitazama macho yake kwa mazoea. Yalikuwa wazi.

"Piga, mama," Babu alinong'ona. "Piga. Piga sasa."

Mama hakupiga. Alimtazama dume yule kwa muda ambao ulinitosha kusahau vidole vyangu vya miguu. Kisha akashusha bunduki.

"Korido tatu," alinong'ona.

"Mbili na nusu!" Babu alisema, karibu kulia.

"Tatu, mzee. Nyama ya mbali haina mchuzi."

Dume aliinua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, akaingia msituni bila hata kukimbia.

Mchana ule kibandani Babu hakunyamaza. Mama angekuwa na bunduki yake yeye Babu, alisema. Thelathini sufuri sita ingevuka bwawa lile kama inakwenda sokoni. Hivi ndivyo inavyokuwa mtu akichagua risasi ya bastola. Gordon alikoroga maharage. Mama alikula, akaomba aongezewe.

Mimi nilikuwa na hasira za kitoto, hasira zilizo safi kabisa. Niliona zile pembe kwenye ukuta wetu, niliwaona watoto wa darasa letu wakiguswa na wivu, kisha nikaona ukuta mtupu. Tulipojilaza kwenye kitanda chetu kimoja nilimwuliza, kwa Kiswahili, ili Gordon asielewe:

"Mama, uliogopa?"

"Kidogo," alisema.

Nikamgeuzia mgongo. Muda si muda alianza kukoroma, na mkoromo ule uliniudhi kuliko jibu.

Kesho yake umande ulikuwa umeganda kwenye kila jani. Safari hii hatukuwa tumekaa sana. Alitoka upande wetu wa bwawa, jike, mchanga, na kibali chetu kiliruhusu jike. Alikuja akinusa chini, hatua na kusimama, hatua na kusimama, akawa karibu hadi nikaona mvuke ukitoka puani mwake, na sikio moja lililochanika ncha. Babu safari hii hakunong'ona. Nilimsikia akiacha kupumua.

Nilitazama macho ya Mama, kwa hiyo sikumwona mnyama akipigwa. Nilisikia mlio, nikaona bega likirudi, na macho yale hayakupepesa.

"Wazi," nilisema, taratibu.

Mama alivuta ule mkono wa chini, akasubiri, tayari kwa ya pili. Haikuhitajika. Kulungu alipiga hatua chache, kama mtu aliyekumbuka jambo, akalala. Msitu wote ulikuwa kimya. Mama alitoa risasi zilizobaki, akampa Babu bunduki. Alinitazama, akatazama mbele, akaweka kiganja mdomoni.

Sijui kama misonobari ile ilikuwa imewahi kusikia vigelegele. Mama alivipiga virefu, vya harusi, vya Itigi, vikavuka bwawa, vikagonga upande wa pili, vikarudi. Gordon alikuja mbio kutoka kwenye kituo chake akidhani mtu ameumwa na mnyama. Alimkuta Babu Kayetano amevua kofia, machozi yanamtiririka, anacheka na kujaribu kupiga vigelegele vyake mwenyewe, vikitoka kama birika linalochemka. Nami nilirukaruka na kizibao changu kikubwa, nikipiga vyangu. Mama alikwenda peke yake akapiga goti kando ya kulungu, akamwekea mkono shingoni. Alimwambia maneno ambayo sikuyasikia, na sikumwuliza.

Jumapili iliyofuata mlango wetu haukufungwa. Mama alipika masufuria mawili. Babu alikuja na tai shingoni, akala sahani tatu, na akiwa kwenye ya tatu alikiri kwamba risasi ya bastola nayo ni risasi. Mama Farzana hakula nyama, kwa kuwa mnyama hakuchinjwa kwa taratibu za dini yake, lakini alileta wali na achari, akakaa mpaka mwisho, akatangazia kila aliyeingia kwamba mbuzi hatimaye amekufa. Baba alionja kipande kidogo, akatafuna kwa muda mrefu, tukimsubiri sote.

"Huyu samaki," alisema, "alikuwa na miguu mizuri."

Nilikua na hadithi hii, nikaisimulia mara nyingi, na kila mara niliisimulia vilevile: Mama alichagua risasi fupi kwa ajili ya bega lake, kwa hiyo akamkosa dume, lakini Mungu akamfidia kwa jike. Niliiamini hivyo hadi mwaka jana, nilipopata leseni yangu mwenyewe na kusimama mbele ya kaunta nikipimapima, karibu na mbali, nzito na nyepesi. Ghafla hesabu zangu za utotoni zikaacha kunitosha. Nikampigia simu.

"Mama, yule dume wa siku ya kwanza. Ungempata?"

Nilisikia akivuta kiti. "Pengine," alisema.

"Kumbe! Sasa kwa nini hukupiga?"

"Si kwa sababu ya hiyo pengine?" Alishangaa, kana kwamba nimemwuliza kwa nini hupiki ugali kwa petroli. "Neema, pengine si kitu cha kumpa mnyama. Risasi yangu niliijua. Ningeshika ya Mzee Kayetano ningesema pengine vilevile, tofauti ni kwamba ningedhani nasema hakika."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilimwambia nimekula, nikakata simu. Asubuhi ile ya bwawa nilimwona mtu aliyeogopa. Sasa nilimwona vizuri zaidi kuliko nilivyomwona siku ile nikiwa nimemkodolea macho. Alikuwa na mzee anayemnong'oneza apige. Alikuwa na mtoto ubavuni aliyemtaka awe shujaa. Mbele yake alikuwa na mnyama ambaye wawindaji humwota maisha yao yote. Akampima, akaona hamfikii kwa haki, akashusha bunduki. Na baada ya kumwacha aende zake, alikula maharage, akaomba aongezewe, akalala akikoroma mpaka alfajiri.